Kipande Ambacho Sikukikata

Malindi, Unguja
Ijumaa, 26 Novemba 1971

Kwa dada yangu Mwatima binti Mkadam,

Shikamoo, dada. Naiandika shikamoo hii kwa mwanga wa taa ya mafuta, kwa hiyo safari hii usiyacheke maandishi yangu. Natumai barua itakukuta u mzima wa afya, wewe na mpwa wangu Mize, na kwamba lile jino lake lililokuwa likimliza limeshang'oka. Mimi huku mwili wangu mzima, Alhamdulillahi. Bi Mwanakheir, shangazi yetu, anakusalimu sana na anauliza kama ulipata ule ubani aliokupelekea. Idd imekuja na imepita. Kanzu uliyonishonea nimeivaa, imenikaa vizuri, watu wameniuliza fundi nani.

Aliyekuletea barua hii ni jirani yetu Bi Tabia, naye hajui kilichomo. Usiisome mbele yake wala mbele ya mwenye nyumba. Mpe maji ya kunywa, mshukuru, mwache aende zake, kisha funga mlango ukae kitako.

Dada, Jaku amechukuliwa. Mumeo, shemeji yangu, yule tuliyemsomea khitma mwezi wa tatu mwaka jana, amekutwa Jambiani yu hai, na siku ya Idd nne watu walimfuata huko wakamtia garini. Najua kwako wewe kuwa hai kwake si habari mpya. Na wewe mwenyewe wanakutaka. Watavuka kuja huko Jumatatu. Sababu ya kukutaka nitakueleza chini zaidi, maana nikiieleza hapa sitakuwa na nguvu ya kuendelea, na nataka uyajue yote kwa mpango wake, jinsi yalivyotoka kwangu.

Wewe ndiye unayejua nilivyoingia katika kazi hii, kwani ndiye uliyekuwa ukinifungulia mlango wa uani nikirudi sinema bila ya ruhusa ya baba. Mwaka wa Mapinduzi nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kuchana tiketi mlangoni mwa sinema. Yule Mhindi aliyekuwa akiendesha mashine ya kuonyeshea picha aliondoka na ukoo wake wote, jumba likakaa wiki tatu limefungwa. Siku moja akaja mkubwa mmoja akauliza nani hapa anaijua mashine ile. Nikasema mimi. Dada, nilikuwa sijaigusa hata kwa kidole; nilikuwa nikiichungulia tu kwenye ufa wa mlango. Siku ya kwanza picha ilitoka kichwa chini miguu juu, watu wakapiga mbinja na kurusha maganda ya njugu, na mimi huko juu jasho linanitiririka huku nikisoma Ayatul Kursiyyu. Siku ya nne nikaiweza.

Halafu ikaja kamati ya kukagua. Filamu zote zilikuwa zitazamwe kwanza, na wanachokikataa kikatwe: watu wakibusiana, mfalme akivishwa taji, mlevi akiimba. Wao wanasema kata, mimi nakata kwa mkasi na kuunga kwa gundi. Vipande vilivyokatwa vilitakiwa virudishwe vyote ndani ya kopo, vimeandikwa nambari. Vingi nilivirudisha. Vingine vilikuja nyumbani na mimi ndani ya soksi, nikawa navitazama dirishani kwa mwanga wa jua, kimoja kimoja, mpaka nikaanza kuelewa kwa nini uso unakuja kabla ya mkono, na kwa nini mlango ukifunguliwa lazima tumwone anayeingia. Huo ndio ukawa usomi wangu. Mwalimu sikuwa naye.

Bila shaka unakumbuka ile asubuhi niliyokupitisheni mlango wa nyuma, wewe na marehemu mama, nikakuonyesheni filamu yangu ya kwanza. Nilikuwa nimeviunga vipande vyangu vya soksi: bibi harusi wa Kihindi anafungua mlango, anaingia polisi wa Kimisri, polisi anageuka anamwona mfalme wa Kizungu anatafuna kuku. Mama akauliza hawa wote ni jamaa wa nani. Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini, halafu ukaniambia kwamba nimewakutanisha watu ambao wasingekutana maisha yao yote, na kwamba hiyo ni kazi kubwa. Maneno hayo ndiyo cheti changu, dada. Sina kingine.

Kamera nayo niliipata kwa Mgoa mmoja wa Shangani, mpiga picha, aliyekuwa akiuza vitu vyake ili aondoke. Ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa, na hakuna aliyeitaka kwa sababu haikutoa picha ya kubandika ukutani. Mikanda nilipewa na fundi wa Kijerumani aliyekuja kujenga majumba mapya ya Ng'ambo, mtu mpole aliyependa kula urojo kuliko sisi. Nikashuka gatini nikawapiga picha wachukuzi wakishusha magunia. Kwanza nikapiga miguu tu, kisha mabega tu, na mwisho kabisa nyuso. Ilipoonyeshwa, wachukuzi wenyewe walikuwa wamejaa viti vya mbele, na kila aliyetokea waliita jina lake kwa sauti. "Mgongo wa Miraji huo! Miraji, umekonda mwanangu!" Unawajua watu wetu, hawawezi kumwona mtu wanayemjua kwenye kitambaa wakanyamaza, lazima aitwe, kama kwamba amepita barabarani na ataitika naam. Nilikaa kwenye chumba cha mashine nikawa nacheka peke yangu. Tangu siku hiyo mjini wakaniita Dairekta, na Bwana Shamsi, mkubwa wa ofisi ya filamu, akawa ananituma kupiga hiki na kile. Nililipenda jina hilo, dada. Nilipenda mno.

Sasa nifike kwa Jaku. Ile siku alipoyasema maneno yake barazani juu ya foleni ya mchele, mimi sikuwapo. Nilisikia tu kwamba watu wamekuja kumuulizia, na kwamba kabla hawajarudi yeye ametoka Chukwani na ngalawa kwenda kuvua, na ngalawa imeonekana tupu. Nililia, wallahi. Nilibeba vyombo vya khitma kwa mikono yangu. Nilikuona umekaa eda miezi minne na siku kumi, na kila nilipokuja nilikaa kitako nikamsomea Yasini. Ulipopata ruhusa ya kuhamia Dar es Salaam niliona afadhali upate pa kupumulia. Hukuniambia kitu, na leo nakwambia kwamba ulifanya vyema kabisa kutoniambia.

Mwezi wa saba ulipokuja kutembea, ulisema unakwenda Makunduchi kwa akina mama wa kule kula sikukuu ya Mwaka. Mimi pia nilikuwa nimetumwa huko huko na kamera yangu, tukaagana kila mtu na safari yake. Unajua Mwaka ulivyo: vumbi, moshi wa kibanda kinachochomwa, wanaume wanapigana kwa migomba na kutukanana yaliyowakaa rohoni mwaka mzima, wanawake wanazunguka wakiimba na nguo zao bora. Nilisimama mbali juu ya jiwe na lenzi ndefu. Watu hawaamini nikiwaambia, lakini ukitazama kwenye kile kijitundu huoni watu. Unaona mwanga, unaona vumbi, unaona nani anakwenda kulia na nani kushoto, na roho yako yote iko kwenye ufunguo, usije ukaisha kabla ya jambo lenyewe. Nilipiga mikanda minne. Nikarudi mjini sijui nimempiga nani.

Mikanda ilipelekwa nje kusafishwa, ikarudi mwezi wa kumi, Ramadhani imeingia. Nikawa nakaa mezani mchana na saumu yangu nikichagua vipande. Siku ya tatu nikamwona. Amefuga ndevu, amekonda, mgomba mkononi. Mtu anampiga, naye anampiga, kisha anacheka, anaishika kofia yake kwa mkono mmoja kama anavyofanya siku zote akicheka, na kwa pumzi moja anaitazama kamera bila ya kujua kuwa ni kamera. Nyuma yake moshi umepasuka na jua limeingia. Nikatoka nje nikaenda kukaa juani. Nilidhani nimeona maiti.

Nilipopata ujasiri wa kurudi nikausogeza mkanda mbele, na pembeni yake ulikuwapo wewe. Buibui limeteremka mabegani, kichwa wazi, unamfuta vumbi la uso kwa ncha ya kanga yako na unamcheka. Sijakuona ukicheka hivyo tangu mama alipokufa. Hapo ndipo nilipoyaelewa yote, khitma na eda na safari ya Makunduchi, na nikaogopa hofu ambayo haijanitoka mpaka leo.

Wewe nilikukata papo hapo. Sitaki unishukuru, kwa sababu hata hilo sikulifanya kwa akili. Nilikukata kwa kuwa wewe ni dada yangu na kichwa chako kiko wazi, na mimi siwezi kukuweka mbele ya wahuni wa viti vya mbele wakakutazama. Stara tu ndiyo iliyonikaa kichwani. Na kipande hicho nilichokikata, dada, nikafanya kama nilivyozoea miaka saba: nikakiandika nambari, nikakitia ndani ya kopo la ofisi pamoja na vingine vilivyokatwa. Kingepaswa kuja nyumbani ndani ya soksi. Lakini nilikuwa sasa Dairekta, nilikuwa nimeacha wizi wa soksi, nilikuwa mtu wa kufuata utaratibu.

Idd pili ikaonyeshwa. Jumba lilijaa mpaka ngazini, wanaume chini, wanawake juu na watoto wao. Watu wa Makunduchi waliletwa kwa malori wajione, na jumba zima likawa ni kuitana majina. Mimi niko kwenye mashine, nahesabu. Nilijua ni dakika ya tisa. Nikajisemea kwamba ana ndevu, kwamba ni kipande cha kupepesa jicho tu, kwamba watu wameshamzika vichwani mwao. Kikapita. Nikaanza kuvuta pumzi. Kisha nikamsikia Miraji, yule yule mchukuzi wa mgongo, rafiki yake wa tangu chuo cha Kurani, anaita kwa furaha ya kweli kabisa: "Jaku! Jamani si Jaku yule? Tazameni anavyoshika kofia! Jaku yu hai, jamani, nshamwona!" Watu wengine wakadakia, "Jaku! Jaku huyo!" Wengine wakacheka. Halafu nadhani wakakumbuka wote kwa pamoja, kwa sababu jumba lilinyamaza ghafla, nikawa nasikia mashine yangu peke yake ikizunguka. Miraji maskini hajatoka nyumbani kwake mpaka leo. Wanasema amelala kifudifudi na hali chakula.

Ilipomalizika wakaja wanaume wawili juu kwangu. Walinipa mkono wa Idd. Wakaniomba, kwa adabu, niwarudishie pale. Ningeweza kusema taa imeungua. Ningeweza kuukata mkanda kwa ukucha na kusema umekatika wenyewe, hukatika kila siku. Nikawarudishia mara nne. Kesho yake wakaenda ofisini wakalichukua kopo la vipande. Siku ya pili yake, walipokwisha kuwauliza watu wa Makunduchi, wakaenda Jambiani.

Nimefika pale ambapo nimekuwa nikipakwepa tangu juu, na mafuta ya taa yanaelekea kwisha, na Bi Tabia, anayesafiri alfajiri, anaingoja barua hii apate kulala.

Dada, kile kipande cha Jaku mkasi ulikuwa mkononi mwangu. Nilipokwisha kukukata wewe nilirudi kwake, nikauweka mkasi juu ya mkanda, na nikamtazama tena. Nilimtazama labda mara thelathini. Nilijua ni nani. Nilijua kwamba akionekana anakufa. Na nilijua pia kwamba sijapata kupiga kitu kizuri kama kile, na kwamba nikikitoa filamu yangu itakuwa kama filamu nyingine yoyote ya ngoma na vumbi. Nikauweka mkasi chini. Nimejaribu wiki nzima hii kutafuta sababu nyingine, ya usahaulifu au ya kutingwa na kazi, nikuandikie hiyo. Hamna. Nilikipenda kipande.

Na hilo si la mwisho. Jana waliniita. Wamenikalisha kwenye kiti kizuri, wakaniletea chai ya tangawizi, maana ni siku za sikukuu. Wakaisifu filamu. Mmoja akakitoa kipande chako kwenye kopo, akakiinua dirishani kama ninavyofanya mimi, akaniuliza mwanamke huyu ni nani. Akasema wamemuuliza shemeji yangu siku mbili, kwa njia zao, naye anashikilia kwamba hamjui, ni mpita njia tu aliyemhurumia kwa vumbi. Chumba cha pili mtu alikuwa akikohoa kikohozi kibovu. Nilijua ni yeye.

Fikiri, dada. Wewe ni mtu wa buibui na ukaya wa kuteremsha usoni tangu u mwari. Hakuna mwanamume mjini hapa anayeujua uso wako ila wa nyumbani. Mama amekufa, baba amekufa. Katika wanaume wote ambao wangeweza kuwauliza, waliokuwa na jibu ni wawili, na mmoja wao alikuwa ameshakataa kulitoa. Ilikuwa niseme simjui, basi. Neno moja tu.

Nikasema ni dada yangu. Wakaniuliza jina, nikalitaja na la baba. Wakaniuliza unakaa wapi, nikasema Kariakoo, nikautaja mtaa, nikawaambia kwamba mlango wa nyumba ni wa kijani, na rangi ya mlango hawakuwa wameniuliza. Hawakunigusa, dada. Hawakunipandishia sauti. Chai yangu nilikuwa nimeinywa nusu, na nilipokwisha kusema nikaimalizia. Mmoja akamwambia mwenzake pale pale mbele yangu waandikiwe karatasi za kuvuka Jumatatu, wakanipa mkono, wakaniambia niende zangu salama.

Kwa hiyo usilale hapo usiku wa Jumapili. Mchukue Mize na nguo mnazoweza kubeba kama watu wanaokwenda harusini, msifunge mizigo mikubwa, usimuage mwenye nyumba. Usiende kwa yeyote ninayemjua mimi. Tanga kwa watu wa baba usikae, maana Tanga nakujua. Vuka mpaka kama unaweza. Wala usiniambie unakokwenda, si kwa barua wala kwa salamu, kwani umeshaona mimi nikiulizwa nafanyaje.

Shemeji nitajitahidi kumpelekea chakula, kama watanikubalia. Sidhani kama atakipokea akijua kimetoka kwangu, nitamtuma shangazi aseme ni chake. Bwana Shamsi anataka filamu ya sherehe za Mapinduzi za mwezi wa kwanza, na nimemwambia naam, kwa sababu sijui tena kumwambia mtu yeyote hapana.

Nisalimie Mize. Mwambie mjomba wake anamkumbuka, au usimwambie kitu, wewe ndiye mwenye kujua lipi lifaalo. Shangazi anakusalimu, Bi Tabia anakusalimu, majirani wote wa ngazi yetu wanakusalimu bila ya kujua kwamba wanakuaga. Ikiwa radhi yako kwangu imeondoka, sikuombi uirudishe. Nakuomba uondoke tu.

Usinijibu. Jumatatu ikipita watarudi huku, nao hawatakosa kuniita tena. Nikiwaona wana hasira nami kwamba wamekuta chumba kitupu, hiyo nitaihesabu ndiyo barua yako.

Ni mimi,
Simai Mkadam